Kwa Nini Munganga Anafunga Mkono, Kumbe Kichwa Ndicho Kinachouma?

Mtu anatoka kijijini kwake asubuhi mapema, anatembea kilometa nyingi, kisha anakaa juu ya benchi ya hospitali akingoja zamu yake. Akiitwa anasema, "Kichwa kinaniuma, na macho yanaona giza." Infirmie hamgusi kichwa. Anashika mkono wake, anaufunga kitambaa chenye mpira ndani, anapiga pompi, anasikiliza, anaandika hesabu mbili kwenye karatasi. Mtu yule anarudi kwa ndugu zake na kuwaambia, "Nimepeleka kichwa, wao wametazama mkono." Wengine hukasirika. Wengine hufikiri kitambaa kile ndicho dawa, nao huomba wafungwe tena kesho yake ili wapone.

Basi inafaa tueleze. Jambo lenyewe si la siri, wala si gumu. Ni jambo la maji: namna maji yaliyofungwa yanavyopokea msukumo pahali pamoja na kuupeleka pahali pote. Ukifahamu hilo, utajua kwa nini mkono unaweza kutoa habari za kichwa, na za mafigo, na hata kumwokoa mama aliye na mimba.

Tuanze na mfuko. Chukua sashe ndogo ya plastiki, kama zile zinazouzwa barabarani zenye maji ya kunywa. Ijaze maji, funga mdomo wake vizuri, hewa isibaki ndani. Kisha toboa kwa sindano matundu manne au matano: moja karibu na kidole chako, moja upande wa pili, moja juu, moja chini. Sasa bonyeza kwa kidole gumba pahali pamoja tu. Maji yataruka kwa matundu yote wakati uleule, karibu kwa nguvu ileile. Tundu lililo mbali halipati kidogo kuliko lililo karibu. Na tundu la juu linarusha maji juu, ingawa kidole chako kinasukuma chini.

Fanya hivyo kwa mfuko wa unga wa muhogo, uone. Ngumi inachimba shimo pale ulipopiga, na unga wa kona ya pili hausikii kitu. Fimbo nayo, ukiisukuma mwisho mmoja, nguvu inatokea mwisho wa pili tu. Fimbo haiwezi kupeleka nguvu kando. Maji yanaweza, sababu chembe zake zinateleza. Hazishikani kama za fimbo, wala hazikwami kama za unga. Zikisukumwa zinatafuta njia kila upande. Tena maji hayakubali kukandamizwa yawe madogo. Basi kila chembe inasukuma jirani yake, na jirani anasukuma mwingine, hata ukuta wa mfuko pande zote unasukumwa sawasawa.

Mtu aliyeeleza jambo hili vema alikuwa Mfaransa, jina lake Blaise Pascal. Alizaliwa mwaka 1623 akafa mwaka 1662, na kitabu chake juu ya maji kilitolewa mwaka 1663. Alisema hivi: fikiri chombo kilichojaa maji, kimefungwa pande zote, lakini kina midomo miwili, mmoja mkubwa mara 100 kuliko mwenzake. Kila mdomo una kizibo kinachoteleza. Mtu mmoja akisukuma kizibo kidogo, atashindana na watu 100 wanaosukuma kizibo kikubwa, naye hatarudishwa nyuma.

Habari hiyo yaonekana kuwa ya uongo. Lakini unaweza kuiona kwa macho yako kwa mabomba mawili ya sindano, moja dogo na moja kubwa, yaliyounganishwa kwa kipande cha mpira wa serumu na kujazwa maji. Mtoto wa miaka sita akisukuma bomba dogo, na mtu mzima akishika bomba kubwa, yule mtu mzima atashangaa. Sababu yake ni hii. Maji yanapeleka msukumo uleule kwa kila sentimita ya kizibo. Kizibo kikubwa kina sentimita nyingi, basi kinapokea msukumo ule mara nyingi, na nguvu yote inakuwa kubwa. Lakini hakuna kitu cha bure hapa: bomba dogo linakwenda safari ndefu, na bomba kubwa linasogea kidogo sana. Kriki ya mafuta inayoinua lori inafanya kazi hivyohivyo. Dereva anapiga mkono wa kriki mara nyingi, na lori linapanda polepole.

Mafuta ya breki za motokari ndogo pia yanafuata sheria hiyo. Mguu wa dereva unasukuma kizibo kimoja tu, lakini mafuta yanapeleka msukumo kwenye magurudumu yote manne wakati mmoja, hata yale ya nyuma yasiyoonekana na dereva. Waulize wale wanaoshuka Kabasha kuelekea Rwindi. Watakuambia kwamba hewa ikiingia katika mafuta ya breki, mguu unazama na motokari haisimami. Hewa inakubali kukandamizwa. Inakula safari yote ya mguu, na msukumo haufiki vema kwenye gurudumu. Kwa sababu hiyo fundi anafungua na kutoa hewa mpaka mafuta matupu yatoke.

Sasa tuje kwenye mwili.

Damu ya mtu mzima ni kama litri 5. Imefungwa ndani ya mishipa, nayo imejaa. Moyo ni pompi iliyo katikati ya kifua. Kila ukijikaza unasukuma damu ndani ya mishipa mikubwa, na msukumo ule unapita katika damu upesi sana, kuliko damu yenyewe inavyotembea. Weka kidole juu ya kiwiko cha mkono wako chini ya gumba: unaposikia mshipa ukipiga, hiyo si damu iliyotoka moyoni sasa hivi na kufika. Ni habari ya msukumo, iliyopitishwa na damu iliyokuwa imekwisha kuwa pale, kama vile maji ya sashe yalivyoruka upande wa pili bila kungoja maji ya karibu na kidole yafike kwanza.

Mtu wa kwanza aliyejulikana kwa kupima msukumo wa damu alikuwa mchungaji wa kanisa, Mwingereza Stephen Hales. Alikuwa na parokia huko Teddington, na katikati ya kazi yake ya kuhubiri alipenda kuchunguza miti na wanyama. Alilaza farasi jike, akaingiza bomba la shaba katika mshipa mkubwa wa paja, akaliunga na bomba refu la kioo lililosimama wima. Damu ilipanda futi 8 na inchi 3, yaani kama mita mbili na nusu, ikasimama hapo ikipandashuka pamoja na mapigo ya moyo. Habari hiyo aliitoa katika kitabu mwaka 1733. Farasi maskini hakupona.

Kwa mtu haiwezekani kufanya hivyo kila siku katika zahanati. Watu walihitaji njia ya kujua msukumo uliomo ndani bila kutoboa mshipa. Njia ile ilipatikana kwa sheria ya Pascal yenyewe. Mwaka 1896 munganga wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alizungushia mkono wa mgonjwa mpira uliotengenezwa kwa mpira wa ndani wa kinga, yaani baisikeli, akaujaza hewa kwa pompi ya mkono. Hewa ile iliunganishwa pia na bomba la kioo lenye zebaki.

Tazama vizuri safari ya msukumo, sababu hapa ndipo penye akili. Infirmie anabonyeza pompi. Hewa iliyofungwa ndani ya mpira inasukuma pande zote: inasukuma zebaki ipande, na kwa msukumo uleule inasukuma mkono. Nyama ya mkono imejaa maji, nayo ni laini. Inapokea msukumo na kuupitisha ndani mpaka kwenye mshipa mkubwa ulio karibu na mfupa. Sasa mshipa unasukumwa na watu wawili wanaoshindana. Ndani damu inasukuma nje. Nje hewa ya pompi inasukuma ndani. Hewa ikiwa na nguvu zaidi, mshipa unalala bapa na damu haipiti. Infirmie anafungua hewa polepole. Inafika saa ambapo damu, moyo ukijikaza, inashinda kidogo na kupenya. Zebaki wakati ule inaonyesha msukumo wa damu yako, sababu wapinzani wawili wako sawa. Ndiyo mizani.

Riva-Rocci alijua saa ile kwa kushika mshipa wa mkono kwa vidole. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff aliongeza jambo jema: aliweka kipimo cha kusikiliza juu ya mshipa chini ya kitambaa. Damu inapoanza kupenya inapiga kelele, to, to, to. Hesabu ya zebaki kelele inapoanza ndiyo hesabu ya kwanza, msukumo wakati moyo unajikaza. Kelele inapokwisha ndiyo hesabu ya pili, msukumo wakati moyo unapumzika. Ndizo hesabu mbili zile zilizoandikwa kwenye karatasi yako, kwa mfano 120 juu ya 80. Siku hizi hospitali nyingi zinaacha zebaki kwa kuwa ni sumu ikimwagika, nazo zinatumia saa yenye mshale au mashine ndogo ya betri. Lakini hesabu bado ni milimita za zebaki.

Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu na zaidi kidogo. Kama tungepima kwa maji, 120 ingekuwa bomba la mita 1 na sentimita 63, yaani urefu wa mtu mzima. Mtu mwenye 200, maji yangepanda mita 2 na sentimita 72, kupita mlango wa nyumba. Msukumo ule unasukuma kuta za mishipa yake mchana na usiku, akila, akilima, akilala.

Kuna jambo la kuangalia, na wengi hawaliangalii. Kitambaa chembamba juu ya mkono mnene kinadanganya. Msukumo unapotea pembeni kabla ya kufika kwenye mshipa, infirmie anapaswa kupiga pompi zaidi, na hesabu inatoka kubwa kuliko kweli. Kitambaa cha Riva-Rocci mwenyewe kilikuwa chembamba hivyo. Mama mwenye mkono mnene anahitaji kitambaa kikubwa, naye asione haya kukiomba.

Jambo la pili ni kimo. Sheria ya Pascal inasema juu ya msukumo unaoongezwa. Lakini maji yana uzito wake pia, na maji ya chini yanabeba yale ya juu. Mafundi wa kujenga wanalijua hilo. Wanapotaka msingi uwe sawa, wanajaza maji katika mpira mrefu unaopenya mwanga, mmoja anashika mwisho huu na mwenzake mwisho ule, hata ng'ambo ya pili ya nyumba. Maji ya pande zote mbili yanasimama kimo kimoja, mpira ukipinda namna gani. Nao wanatoa mapovu kwanza, kama fundi wa breki. Katika mwili, kila ukishuka karibu sentimita 13 chini ya moyo, msukumo unaongezeka milimita 10. Kwa hiyo mkono ukining'inia chini kando ya kiti, hesabu inapanda. Ukiinuliwa juu ya kichwa, inashuka. Mkono uwekwe juu ya meza, kitambaa kikiwa kimo kimoja na moyo. Kaa kimya dakika tano kabla ya kupimwa, egemea kiti, miguu ikanyage chini, usiseme neno, tena kojoa kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha hesabu.

Habari ya kimo inawahusu pia ninyi mnaolinda wagonjwa. Chupa ya serumu inatundikwa juu kwa kusudi. Ikiwa mita moja juu ya mkono, uzito wa maji unatoa msukumo wa milimita 73 hivi, na mshipa unaorudisha damu moyoni una msukumo mdogo sana. Basi maji yanaingia. Mgonjwa akitaka kwenda nje, na ndugu yake akashika chupa chini kama anavyoshika bidoni, damu inarudi ndani ya mpira na kuganda, na sindano inaziba. Inueni chupa juu ya bega. Mfuko wa mkojo ni kinyume chake. Huo ukae chini ya kitanda siku zote, bila kugusa sakafu. Nimeona mtu akiuweka juu ya kifua cha baba yake ili "usichafuke". Mkojo unarudi kibofuni pamoja na vijidudu.

Sasa tunaweza kujibu swali la yule mtu wa benchi. Mishipa mikubwa inayotoka moyoni ni kama mfuko mmoja wenye matawi. Tawi moja linakwenda mkononi, jingine kichwani, jingine machoni, mengine mawili kwenye mafigo. Katika mishipa hiyo mikubwa msukumo ni karibu mmoja, ukiacha tofauti ya kimo. Unapungua tu damu ikiingia katika mishipa myembamba sana. Mkono ndio mlango ulio rahisi kufungua. Hatuwezi kufunga kitambaa juu ya ubongo. Mfupa wa kichwa hauruhusu, na shingo hatuifungi. Lakini kilichosikika mkononi, ubongo nao unakisikia.

Kwa nini basi mtu mwenye hesabu ya 180 anasema hasikii kitu? Sababu msukumo ulio sawa pande zote hauna pahali pa kuuma. Mvuvi akizama katika Ziwa Tanganyika mita tano, maji yanamsukuma kila upande, wala hapondwi. Sashe yako ikibonyezwa bila tundu, inatulia, yaonekana nzima. Inapasuka siku moja, na inapasuka pahali palipo dhaifu, wala si chini ya kidole. Vivyo hivyo mshipa mwembamba wa ubongo unapasuka, au unaziba, na mtu aliyekwenda shambani mzima analetwa juu ya tipoyi, nusu ya mwili wake imepooza. Kwa mwingine mafigo yanakufa polepole. Kwa mwingine moyo unachoka kwa kusukuma mlango mzito miaka mingi, na miguu yake inavimba.

Kichwa kuuma si alama ya kutegemea. Wengi wenye tansio kubwa hawaumwi kichwa kamwe, na wengi wenye kuumwa kichwa wana malaria au macho yaliyochoka. Ndiyo maana tunapima. Hesabu ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, tunapima tena siku nyingine. Ikibaki hivyo, ndiyo tansio. Vidonge vyake ni vya kila siku. Watu huvimeza mwezi mmoja, hesabu inashuka, wanasema, "Nimepona," wanaacha, na baada ya muda hesabu inarudi ilipokuwa. Kidonge hakifungi ugonjwa milele. Kinalegeza mfuko kwa siku ile. Chumvi nayo, isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kwa vyakula vyote. Makayabu yana chumvi nyingi sana: yaloweshe usiku, mwaga maji yake, yaloweshe tena.

Damu si maji peke yake yaliyofungwa mwilini. Ubongo umezungukwa na maji yake, na maji hayo yanashuka mpaka ndani ya mfupa wa mgongo. Ni mfuko mmoja. Kwa hiyo munganga anayetaka kujua habari za kichwa anaweza kuchoma sindano mgongoni, chini, mahali ambapo uti umekwisha kumalizika. Anamlaza mgonjwa ubavu, ili kichwa na mgongo viwe kimo kimoja, na maji yanapanda katika bomba la kioo kama sentimita 10 hadi 20 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa kichwa. Yakipanda zaidi, kichwani kuna taabu. Katika Kongo watu wengi walichomwa hivyo kwa ajili ya ugonjwa wa usingizi, na wengi waliogopa, wakisema munganga anatoa nguvu ya mgongo. Hatoi nguvu. Anasoma msukumo, na kutafuta wadudu ndani ya maji.

Kwa mtoto mchanga kuna dirisha ambalo kila mama anaweza kutazama: utosi. Mfupa bado haujafunga hapo. Mtoto akikaa wima bila kulia, utosi uwe bapa au umezama kidogo tu. Ukizama sana, na mtoto anahara, maji ya mwili yamepungua. Mpe maji ya chumvi na sukari, na mlete. Ukivimba na kuwa mgumu, tena mtoto ana homa au anatapika, huo ni msukumo wa ndani unaosukuma dirisha. Usimpeleke kwa mtu wa kukanda kichwa. Mlete siku ileile.

Nimeacha neno la mama mwenye mimba mwisho, sababu ndilo linalotuletea huzuni nyingi kuliko yote.

Kuna ugonjwa unaoanza baada ya juma la 20 la mimba. Shina lake liko katika kondo la nyuma, wala si katika uchawi, wala si katika kosa la mume. Mishipa ya mama inakazana mwili mzima, mfuko unakuwa mwembamba, na msukumo unapanda. Mafigo yanaanza kupitisha ndani ya mkojo chakula cha damu kisichopaswa kupita. Ndiyo maana tunaomba mkojo wako katika kikopo. Mama mwenyewe anaweza kujisikia vema kabisa. Anacheka, anapika, anabeba kuni, na kitambaa kinasema 150 juu ya 100. Tukimwambia abaki hospitalini, anajibu, "Nina watoto nyumbani, na siumwi." Mume naye anauliza kwa nini alipe kitanda cha mtu mzima. Hapo ndipo ubishi unapoanza, na saa zinapita.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa shauri mwaka 2016 kwamba mama apimwe angalau mara 8 katika mimba moja. Mara 8 zile, nyingi zinaangukia miezi ya mwisho, maana ugonjwa huu unaweza kupanda kati ya juma moja na lingine. Mama aliyepimwa mwezi wa nne tu, akapata 110 juu ya 70, asitembee na karatasi ile kama kinga ya mpaka mwisho.

Kichwa kikali kisichopoa, macho kuona nyota au ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kuume, uso na mikono kuvimba kwa ghafula: hizo ni habari kwamba msukumo umefika ubongoni na katika ini. Baada yake huja mitukutiko, yaani kifafa cha mimba. Ipo dawa ya kuzuia, inaitwa manyezi, sulfati ya magnezi, nayo inachomwa kwa sindano. Utafiti uliofanywa katika nchi 33 kwa wanawake zaidi ya 10,000, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza mitukutiko kwa zaidi ya nusu. Dawa nyingine zinashusha msukumo. Lakini ugonjwa wenyewe haukomi mpaka mtoto na kondo la nyuma vitoke, na munganga ndiye apimaye ni siku gani inafaa.

Mama akishikwa na mitukutiko nyumbani, mlaze ubavu wa kushoto, ondoa mawe na moto karibu naye, usitie kijiko wala kidole wala dawa kinywani mwake. Usimshike kwa nguvu. Mitukutiko ikikoma msiseme imekwisha na kumwacha alale; mbebeni wakati huohuo, kwa tipoyi, kwa pikipiki, kwa motokari, na njiani alale ubavu vilevile. Fanyeni hivyo hata kama amekwisha kuzaa jana, maana inaweza kumshika baada ya kuzaa pia, zaidi katika siku mbili za kwanza. Na mtu mmoja atangulie mbele kuja kutuambia, ili sindano iwe tayari mnapofika.